Programu ya Dada Subiri na likizo ya miaka tisa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Dada Subiri ameikalia mikono yake.

Ameikalia kweli, viganja vikiwa chini ya mapaja, kwenye kiti cha plastiki alichokisogeza hadi ukutani ili asifike kwenye kibodi hata akishindwa kujizuia. Mbele yake, kwenye kiti ambacho kwa miaka tisa kimekuwa chake, ameketi mwenzake ambaye hospitali nzima inamwita Kaka Nyaya. Anaisoma skrini polepole, midomo ikicheza, kama mtu anayehakiki mkataba kabla ya kutia sahihi.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kuna kabati la seva lenye taa ndogo za kijani, kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na meza moja yenye kompyuta moja.

"Usiniangalie hivyo," anasema Kaka Nyaya bila kugeuka.

"Sikuangalii."

"Unaniangalia shingo. Inaniwasha."

Dada Subiri anauma midomo na kuhamishia macho kwenye ndoo. Kazi ya leo ikienda vizuri, mkuu wa utawala atatia sahihi fomu ya likizo iliyolala mezani kwake tangu Jumatatu. Ikienda kombo, fomu itarudi bila sahihi kwa mara ya tatu, na mama yake mzazi hatafanyiwa upasuaji wa jicho wiki ijayo.

Hospitali hii ya rufaa ina kompyuta sitini na tatu, seva zikiwemo. Kila Alhamisi asubuhi, kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa saa moja na nusu, zote hupokea masasisho: marekebisho ya usalama, matoleo mapya ya programu, makosa ya zamani yaliyosahihishwa. Mgonjwa aliye kwenye foleni hajui kama kazi hiyo ipo. Siku akijua, basi kuna kitu kimeharibika.

Jina la Subiri hakupewa na wazazi wake. Lilitoka kwa wauguzi, kwa sababu kompyuta ikiwa katikati ya sasisho huandika "Tafadhali subiri", na fundi mwenyewe akipigiwa simu hujibu neno hilohilo kabla hata hujamaliza salamu. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Cheo chake ni fundi wa mifumo daraja la pili, mshahara wake haujapanda kwa miaka mitatu, na kuwahi kazini Alhamisi hakuna posho.

Alipoajiriwa, alikuta masasisho yanafanywa kwa kuzunguka na diski mlango kwa mlango. Akaandika skripti. Kwa asiyejua, skripti ni orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine, mfano wa karatasi ya maelekezo anayoachiwa mtu wa zamu. Ya kwanza ilikuwa na mistari ishirini. Ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na miaka ilivyokwenda zikafika kumi na nne zenye mistari elfu mbili na mia tatu, zinaitana zenyewe kwa zenyewe, nyingine zikiwa na majina ambayo leo yanamtia aibu.

"Kuna moja inaitwa 'mpya'," anasema huku akicheka. "Kuna nyingine inaitwa 'mpya kweli'. Na inayofanya kazi ni 'ya zamani usiguse'."

Tatizo ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyeweza kuziendesha. Kompyuta moja ikiwa imezimwa, skripti hukwama hapo, na dawa yake ni kubonyeza vitufe viwili pamoja, mara moja tu. Ukibonyeza hivyo mara mbili, unaikatisha kazi nzima katikati. Kaka Nyaya alibonyeza mara mbili mwaka juzi, Dada Subiri akiwa kitandani na homa. Mapokezi waliandikisha wagonjwa kwa kalamu hadi adhuhuri, naye Dada Subiri akaletwa kazini amejifunga shuka.

Tangu siku hiyo hakuthubutu kuwa mbali Alhamisi. Alipofiwa na shangazi yake aliondoka Ijumaa akarudi Jumatano. Katika miaka tisa alistahili siku mia mbili hamsini na mbili za likizo. Amechukua thelathini na moja.

Ukimwuliza kama hakuchoka, anafikiri kidogo kabla ya kujibu.

"Nitasema ukweli, hata kama haunipambi. Nilikuwa naona raha kupigiwa simu. Watu wanahangaika, mimi nafika, nabonyeza, kila kitu kinarudi. Wananiambia, bila wewe tungefanyaje? Nikawa nanung'unika njiani nikirudi nyumbani, lakini moyoni nimeshiba."

Aliyemtoa kwenye shibe hiyo ni mama yake.

Mama ana miaka sabini na miwili na anaishi peke yake, safari ya siku nzima kwa basi. Jicho la kushoto lilikwisha kuharibika zamani. La kulia, ambalo ndilo lililobaki, limeota mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni mfupi, lakini likifungwa bandeji mama hatakuwa na jicho la kuonea, na baada ya hapo kuna dawa ya matone mara nne kwa siku kwa wiki tatu. Daktari alisema wazi kuwa hamgusi mpaka awepo mtu wa kukaa naye siku hizo zote. Mtoto mwingine wa mama, kaka yake Dada Subiri, anafanya kazi nchi nyingine na hawezi kuja.

Tarehe ya kwanza ilikuwa mwaka jana. Mkuu wa utawala alikataa fomu, akauliza nani atabaki na kompyuta. Dada Subiri akampigia mama kumwambia waahirishe.

"Hakugomba," anakumbuka. "Aliniuliza tu, 'Hizo kompyuta hazina ndugu mwingine zaidi yako?' Nikacheka. Nilipokata simu nikalia."

Wiki iliyofuata alianza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu ambayo alikuwa akiisikia kwa wenzake wa hospitali nyingine. Alipakua masomo kwenye simu akawa anasoma saa ya chakula, kitabu cha mazoezi kikiwa kando ya sahani. Shabaha yake ilikuwa kuzifuta skripti zote kumi na nne na kuweka programu moja ambayo mtu yeyote wa idara angeweza kuiendesha kwa kuisoma tu.

Kazi ilimchukua miezi minane. Programu hiyo ina orodha moja ya kompyuta zote. Kabla ya kusasisha, inakagua kama kuna nafasi ya kutosha na kama kuna mtu anaitumia mashine. Inaanza na kompyuta tatu za majaribio. Zikipona, inaendelea na nyingine. Moja ikiharibika, inairudisha ilipokuwa jana na kusimama. Kompyuta iliyozimwa inairuka yenyewe, na mwisho inaandika taarifa kwa Kiswahili ambacho hata mlinzi wa getini angekielewa.

"Nilipoitazama," anasema, "nilijiona fundi."

Jaribio la kwanza bila yeye lilifanyika wiki sita zilizopita, siku nne kabla ya tarehe ya pili ya upasuaji. Alibaki nyumbani kwa makusudi, akaiweka simu juu ya kabati akijitia anapiga pasi. Saa moja kasoro dakika tano ikalia.

Kaka Nyaya alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Programu nayo ilikuwa imefanya kila ilichoandikiwa. Ilipofika kwenye kompyuta ya maabara iliangalia kama kuna anayeitumia, ikakuta kibodi haijaguswa kwa dakika ishirini, ikaisasisha na kuizima iwake upya. Haikujua kwamba mhudumu wa maabara alikuwa ameipanga mashine ya kupima damu sampuli ishirini na mbili, na kwamba mashine ile hupeleka majibu kwenye kompyuta hiyohiyo ikiwa yenyewe, mhudumu akiwa anaosha vifaa chumba cha pili. Majibu yote yalipotea.

Wagonjwa ishirini na wawili wakachomwa sindano upya. Mmoja alikuwa mtoto wa miezi saba ambaye mshipa wake ulitafutwa kwa nusu saa, mkono mmoja kisha mwingine, na kilio chake kilisikika hadi korido ya mapokezi. Mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye ulimi usiojua kupaka mafuta, alimpa Kaka Nyaya vidonge vyake, na hapo hatuzungumzii dawa.

"Alinimaliza," anakiri Kaka Nyaya, ambaye aliingia hospitalini kama fundi umeme wa kupitisha nyaya kabla ya kuhamia idara ya kompyuta. "Na mtoto alikuwa bado analia."

Mkuu wa utawala aliamuru skripti za zamani zirudishwe. Fomu ya likizo ikarudi tupu. Mama akapigiwa simu tena.

Lakini kilichomkosesha Dada Subiri usingizi kilikuwa kitu kingine. Kwa miaka tisa, skripti zake mbovu, zenye majina ya kuchekesha, hazikuwahi kupoteza jibu hata moja la maabara. Kwa hiyo ndani yake lazima kulikuwa na mstari unaoilinda maabara, na yeye aliusahau alipohamisha kazi kwenye programu mpya. Akazichapa zote kumi na nne, akaketi na kalamu nyekundu siku tatu mfululizo.

Hakuuona. Alichokuta mwanzoni mwa skripti ya saba ni mstari mmoja uliosema, "Bonyeza kitufe kuendelea." Aliukumbuka vizuri. Ndio mstari wa kwanza aliouacha nje alipokuwa anaandika upya, kwa sababu programu nzuri haihitaji mtu wa kuibonyezea.

Siku ya nne alikwenda maabara kuomba radhi rasmi. Mkuu wa maabara alimsikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

"Sasa nikuulize mimi," akasema. "Siku hiyo kwa nini hukuja?"

"Nije wapi?"

"Hapa! Si kila Alhamisi unachungulia mlangoni unauliza, 'Mmemaliza?' Nikikwambia bado, unakwenda zako. Nikikwambia tayari, unakwenda zako. Miaka yote nasema huyu dada ana adabu, hapiti bila kutusalimia."

Hata Dada Subiri alikuwa akijua kwamba anapita kusalimia tu. Alizoea kuondoka mezani skripti ikisimama, kutembea hadi mwisho wa korido, kuchungulia, kurudi na kubonyeza. Miguu yake ilikuwa imeijua hatua hiyo kuliko kichwa.

"Niliona haya," anasema. "Nimeandika mistari elfu mbili na mia tatu, na ulinzi wenyewe ulikuwa ni mimi kutembea kwenda kuuliza. Mahali pekee skripti iliponipa nafasi ya kutembea, mimi mwenyewe nilipafuta."

Wengine wangekata tamaa. Yeye alimpa Kaka Nyaya daftari na kumwomba amfuate Alhamisi mbili mfululizo, aandike kila anachofanya ambacho hakimo kwenye skripti, hata kikiwa cha kipuuzi. Kaka Nyaya aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja. Daftari lenyewe lipo, na ukilisoma huwezi kujizuia kucheka. "Ameshika kabati la seva kwa kiganja." "Amemwambia mlinzi asizime swichi ya nje." "Amekwenda dawa, ameona maboksi mlangoni, amerudi bila kufanya kitu." Namba nane inasema tu, "Ameguna."

Waliketi kuyachambua. Maboksi mlangoni pa duka la dawa yalimaanisha mzigo umefika na wafamasia wanauingiza, basi kompyuta yao isiguswe. Kushika kabati ilikuwa kupima joto. Na kuguna?

"Tulibishana sana juu ya kuguna," anasema Kaka Nyaya. "Yeye anasema haguni. Mimi nasema dada, unaguna, kila wiki, palepale. Mwisho tukagundua anaguna feni ya seva ya pili ikibadilisha sauti, na akishaguna anangoja dakika mbili."

Hatua zilizopatikana ni kumi na moja. Saba ziliingia kwenye programu moja kwa moja. Joto la seva, kwa mfano, linaweza kusomwa bila kiganja cha mtu. Nne zilikataa. Hakuna amri inayoweza kuona maboksi mlangoni. Kwa hizo nne, programu sasa inasimama na kuuliza.

Hapo napo walitofautiana. Kaka Nyaya alitaka swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Dada Subiri akakataa katakata.

"'Ndiyo' unaweza kuiandika umekaa," alimwambia. "Iulize jina la mtu aliyekujibu. Hutalijua mpaka uende."

Ndiyo maana leo, saa kumi na mbili na dakika arobaini, Kaka Nyaya anasimama. Skrini imeandika: "Nani wa maabara amekuambia wamemaliza?" Anatoka. Dada Subiri anabaki na mlio wa kiyoyozi, macho yakihama kutoka mlangoni kwenda kwenye kibodi na kurudi. Ni dakika nne. Anazihesabu.

Kaka Nyaya anarudi. "Bado. Wana sampuli kumi na nane, na mashine imeanza sasa hivi."

"Watamaliza saa ngapi?"

"Saa mbili kasoro."

Dada Subiri anajua angefanya nini. Angengoja, akakimbizana na muda, akamaliza kompyuta zote sitini na tatu dirisha la mapokezi likigongwa, jasho likimtoka, kama alivyofanya Alhamisi nyingi. Hajawahi kuacha hata moja. Anaisukuma mikono zaidi chini ya mapaja.

Kaka Nyaya anakuna kidevu. Kisha anaandika jibu kwenye skrini, kidole kimoja kimoja: "Maabara iachwe. Watu wanafanya kazi. Nitarudi Jumatatu saa tisa mchana, wamesema hapo panapoa." Anabonyeza. Programu haikupata jina, basi inairuka maabara kama kompyuta iliyozimwa na kuendelea na duka la dawa.

Saa moja na dakika kumi na mbili, taarifa inatoka. Kompyuta sitini na mbili zimesasishwa. Moja imeachwa, na sababu yake iko hapo kwa maneno ya Kaka Nyaya mwenyewe.

"Nilifurahi," Dada Subiri anakiri baadaye koridoni, akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Halafu ikaniuma, tena sana. Mimi nisingewaza kuiacha. Kumbe miaka yote ningeweza kuiacha na dunia isianguke."

Mkuu wa utawala anaisoma taarifa akiwa amesimama. Anapofika mwisho, anainua uso na kumtazama Dada Subiri, kama ilivyo desturi. Kisha inaonekana amejikumbuka, anamgeukia Kaka Nyaya.

"Hii moja imebaki kwa nini?"

"Walikuwa na damu za wagonjwa kwenye mashine, mkuu. Nimepanga nao Jumatatu."

"Umepanga nao wewe?"

"Mimi."

Mkuu anavuta fomu kutoka chini ya mafaili. Ana maswali mawili zaidi, yote anamwuliza Kaka Nyaya, na yote yanajibiwa. Dada Subiri amesimama kando, hana kazi, hajui aiweke wapi mikono. Sahihi inatiwa. Siku ishirini na nane.

Anasafiri Jumamosi. Upasuaji ni Jumanne, na bandeji itafunguliwa Jumatano asubuhi. Amekwisha kununua saa ndogo ya mezani yenye kengele kwa ajili ya matone, kwa kuwa simu, anasema, ataizima. Akirudi anataka kuliandika upya vizuri lile daftari la hatua kumi na moja ili na watu wa hospitali nyingine wakakague miguu yao wenyewe. Lakini hilo ni la baadaye. Kwa sasa anachotaka ni kimoja.

"Nataka bandeji ikitolewa, niwe nimeketi mbele yake," anasema. "Mwaka na nusu ananitambua kwa sauti. Nataka anione nilivyozeeka, anicheke."

Anampigia simu mama akiwa bado koridoni, mgongo ukutani, ameiweka kwenye sauti kubwa ili Kaka Nyaya naye asalimie. Mama anaitikia salamu, anauliza kama kuna mvua, anauliza kama amekula. Anaogopa kuuliza lile lingine, na kila anayesikiliza anajua.

"Nakuja Jumamosi, mama. Fomu imetiwa sahihi."

"Unakuja, au unakuja kama ile mara nyingine?"

"Nakuja, mama. Wiki nne nzima."

Upande wa pili kunasikika kiti kikivutwa. Mama ameketi.

"Na hizo kompyuta utamwachia nani?"

"Nawaachia wenzangu."

"Kumbe unao wenzako?" anasema mama. "Miaka yote hii mwanangu, mimi najua huko uko peke yako."

Dada Subiri anamtazama Kaka Nyaya, ambaye ameinamisha kichwa akijifanya anasoma taarifa.

"Hata mimi, mama," anasema. "Hata mimi nilijua hivyo."